Ada Lovelace, mwanamke aliyeweka alama ya sifuri kabla ya kuhesabu

LIKASI – Shaba na kobalti za Katanga zinaingia ndani ya kompyuta duniani kote. Kijana wa Likasi anayejifunza programu anaweza kukutana na kosa hili: dereva wa kadi ya picha anasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo bado haijaandikwa kitu. Humo mna mabaki ya kazi iliyopita. Skrini inajaa rangi zisizoeleweka, au kipande cha picha ya mtu mwingine kinatokea.

Wazo la kuzuia kosa hilo ni la zamani kuliko kompyuta yenyewe.

Ada Lovelace alizaliwa London tarehe 10 Desemba 1815, binti wa mshairi Byron. Mama yake alimsomesha hesabu. Mwaka 1833 alikutana na Charles Babbage, aliyekuwa akibuni mashine za kuhesabu. Mwaka 1843 alitafsiri kutoka Kifaransa makala ya Menabrea, Muitaliano, kuhusu mashine hiyo, akaongeza maelezo marefu kuliko makala yenyewe.

Humo kila safu ya namba ina alama. Alama ya 0 inaonyesha kwamba safu haijapokea namba na imesimama kwenye sifuri. Ikipokea, alama inakuwa 1. Pamoja na uangalifu huo, jedwali lake lilichapwa na kosa: mgawanyo mmoja uligeuzwa.

Mashine haikujengwa. Ada alifariki kwa kansa tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36. Leo wanaorekebisha madereva wanafanya vilevile: wanaandika sifuri kwanza, ndipo kumbukumbu inatumika.