Lewis Fry Richardson: Aliyekokotoa hali ya hewa kwa kalamu

Utabiri wa hali ya hewa unaosomwa redioni leo, uwe wa Mombasa, Muscat au Manchester, hutegemea hesabu ambazo mtu mmoja alizifanya kwa mkono wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Jibu alilolipata lilikuwa na kosa kubwa mno. Hata hivyo alilichapisha.

Lewis Fry Richardson alizaliwa tarehe 11 Oktoba mwaka 1881 mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto saba. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Quaker, yale ambayo wakazi wa magharibi mwa Kenya wanayafahamu kwa jina la Marafiki, na ambayo huwakataza waumini wake kushika silaha. Imani hiyo ndiyo iliyoamua mengi katika maisha yake.

Baada ya masomo Cambridge, aliajiriwa na kampuni iliyochimba udongo wa vinamasi unaokaushwa na kutumiwa kama kuni. Aliulizwa mifereji ichimbwe vipi ili maji yatoke. Milinganyo ya kueleza mwendo wa maji hayo ilijulikana, lakini ilihusisha mabadiliko ya mahali na ya wakati kwa pamoja, na wanahisabati waliweza kuitatua kwa maumbo machache tu yaliyo rahisi.

Richardson akaamua kuligawa eneo zima katika miraba, mithili ya ubao wa dama, na kuweka namba moja katika kila mraba. Badala ya kutafuta kanuni ya jumla, alikokotoa tofauti baina ya mraba na jirani zake kwa kujumlisha, kutoa na kuzidisha, akirudia mpaka namba zitulie. Jibu lilikuwa la kukaribia tu, lakini lilipatikana.

Mwaka 1910 aliitumia njia hiyo kupima nguvu zinazoukaza ukuta wa bwawa la mawe, akichukua mfano wa bwawa la kwanza la Aswan, linalozuia maji ya Mto Nile nchini Misri. Aliwalipa vijana kwa kila hesabu waliyoifanya, na zilizokosewa hazikulipwa. Aliyekuwa mwepesi kati yao alimaliza kama hesabu 2,000 kwa wiki. Chuo chake cha zamani cha Cambridge hakikuvutiwa na kazi hiyo, wala hakikumpa nafasi aliyoiomba.

Mwaka 1913 alijiunga na Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, akakabidhiwa kituo cha Eskdalemuir, Scotland. Hapo wazo lilipanuka: kama maji ya kinamasi yanahesabika, kwa nini isiwe anga yenyewe?

Mwaka 1916 aliacha kazi hiyo, akaenda Ufaransa kuendesha gari la wagonjwa katika kikosi cha Marafiki kilichowahudumia majeruhi wa jeshi la Ufaransa. Alipopumzika, akiwa na lundo la majani makavu badala ya meza, alikokotoa. Alichukua vipimo vya asubuhi ya tarehe 20 Mei mwaka 1910, akaigawa anga ya Ulaya ya kati katika miraba na tabaka tano kwenda juu, akatafuta mabadiliko ya saa sita. Mwenyewe aliandika kwamba kazi hiyo ilimchukua karibu wiki sita. Muswada wake ulipotea katika mapigano ya Champagne mwaka 1917, ukaonekana miezi kadhaa baadaye chini ya lundo la makaa ya mawe nchini Ubelgiji.

Jibu lilionyesha mgandamizo wa hewa ukipanda kwa milibari 145. Ukweli ni kwamba siku hiyo haukubadilika kwa kiasi cha kutajika.

Kosa lilitokana na vipimo vya kuanzia. Vipimo vya upepo havikuoana barabara na vya mgandamizo, na tofauti hiyo ndogo ilizaa mawimbi ya kasi yaliyofunika badiliko halisi. Ni kama mtu atakaye kujua iwapo bahari inajaa au inakupwa, kisha akapima wimbi moja linalopiga mwamba. Mwanasayansi Peter Lynch alizirudia hesabu hizo kwa kompyuta, akayachuja mawimbi hayo kwanza. Badiliko likawa chini ya milibari moja.

Palikuwa na hatari nyingine ambayo Richardson hakuijua. Mwaka 1928 Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha kuwa hatua ya wakati haina budi kuwa fupi kulingana na ukubwa wa mraba, la sivyo makosa hukua bila kikomo. Hatua yake ya saa tatu ilikuwa ndefu kupita kiasi. Kilichomwokoa ni kwamba alipiga hatua moja tu.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1922. Ndani yake aliwaza ukumbi wa duara, kuta zake zimechorwa ramani ya dunia, na watu 64,000 wakikokotoa hali ya hewa. Kiongozi aliyesimama katikati angewamulika waliotangulia kwa taa ya waridi na waliochelewa kwa taa ya buluu.

Wakati huo alikwisha jiuzulu. Mwaka 1920 Idara ya Hali ya Hewa iliwekwa chini ya wizara ya jeshi la anga, naye hakukubali kuitumikia. Mkewe, Dorothy, alisimulia kuwa baadaye, alipogundua kwamba watengenezaji wa gesi ya sumu walivutiwa na utafiti wake wa msukosuko wa hewa, aliharibu kazi ambazo hazijachapishwa. Miaka yake ya mwisho aliitumia kuhesabu sababu za vita.

Mwaka 1950 kompyuta ya ENIAC nchini Marekani ilitoa utabiri wa saa 24. Kuukokotoa nako kulichukua takriban saa 24. Jule Charney alimtumia mzee huyo matokeo. Richardson alimpa Dorothy ramani azilinganishe: je, utabiri ulifanana na hali iliyotokea kuliko ilivyofanana nayo ramani ya siku iliyotangulia? Dorothy akaamua kuwa utabiri umeshinda, ila kwa tofauti ndogo tu. Richardson aliandika kumpongeza Charney, na uamuzi huo akaueleza kama ulivyo.

Alifariki dunia tarehe 30 Septemba mwaka 1953 nyumbani kwake Kilmun, Scotland.