George William Norris: Mtetezi wa Bunge Linalofanya Kazi Mbele ya Watu

Tarehe 6 Novemba 1934, wapiga kura wa Nebraska, jimbo la wakulima katikati ya Marekani, waliulizwa kama wanakubali katiba ya jimbo lao ibadilishwe ili Bunge lenye mabaraza mawili lifutwe na mahali pake pawe na baraza moja tu. Kura 286,086 zilikubali na kura 193,152 zilikataa. Hivyo Nebraska ikaachana na utaratibu ambao majimbo mengine yote ya nchi hiyo yaliufuata, na ambao yanaufuata mpaka leo. Aliyewashawishi watu wake kuchukua hatua hiyo alikuwa mzee wa miaka 73, Seneta George William Norris. Maisha yake yanastahili kukumbukwa na kila anayejiuliza namna kiongozi anavyopaswa kutumia dhamana aliyokabidhiwa na watu.

Norris alizaliwa tarehe 11 Julai 1861 katika shamba la wazazi wake huko Ohio, akiwa mtoto wa kumi na moja kati ya watoto kumi na wawili. Mwaka 1864, alipokuwa na umri wa miaka mitatu tu, familia ilipatwa na misiba miwili: kaka yake mkubwa alifariki katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na baba yake naye akaaga dunia. Mama yake, Mary, akabaki mjane mwenye shamba la kulima na watoto wa kulea. Norris alisimulia baadaye jinsi alivyomsaidia mama huyo kupanda mche wa mti wa matunda siku moja ya joto. Kijana alishangaa kwa nini mama anajichosha kwa mti ambao huenda asiishi mpaka kuula. Mama akamjibu kwamba huenda yeye asiyaone matunda yake, lakini yupo mtu atakayeyaona. Jibu hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote.

Alijisomesha kwa shida, mara akifundisha shule na mara akirudi darasani, hata akahitimu sheria mwaka 1883. Miaka miwili baadaye alihamia Nebraska na kufungua ofisi ya uwakili katika mji mdogo wa Beaver City. Ilipofika miaka ya 1890, ukame na bei mbaya za mazao viliwatumbukiza wakulima wengi katika madeni. Norris alichaguliwa kuwa jaji wa wilaya mwaka 1895, na kesi nyingi zilizofika mbele yake zilikuwa za mashamba yaliyotakiwa kunadiwa. Pale alipoona kwamba mkulima ana nia na uwezo wa kulipa akipewa muda, alimpa muda huo. Mwaka 1901 mkewe, Pluma, alifariki na kumwachia mabinti watatu. Mwaka 1903 alioa tena, na katika mwaka huo huo akaanza kazi yake katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington, akiwa mwanachama wa Chama cha Republican.

Huko Washington ndiko alikoona kwa macho yake jinsi mamlaka ya watu yanavyoweza kuchukuliwa na wachache. Spika wa wakati huo, Joseph Cannon, aliteua wajumbe wa kamati zote, na yeye mwenyewe alikaa katika Kamati ya Kanuni iliyoamua mswada upi ujadiliwe na upi usijadiliwe. Mbunge aliyemchukiza Spika aliweza kumaliza kipindi chake chote bila hoja yake kusikilizwa hata mara moja. Norris aliandika azimio la kumwondoa Spika katika kamati hiyo, akalitunza mfukoni kwa muda mrefu akingoja nafasi. Nafasi ilipatikana tarehe 17 Machi 1910. Mjadala ulikesha usiku kucha, na siku mbili baadaye azimio lilipita kwa kura 191 dhidi ya 156. Cannon alikuwa Spika wa chama cha Norris mwenyewe. Norris hakuona kwamba hiyo ni sababu ya kunyamaza.

Aliingia Seneti mwaka 1913 na kukaa humo miaka 30. Jaribu kubwa la uongozi wake lilikuja Aprili 1917, Marekani ilipokata shauri kuingia katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Maseneta 82 waliunga mkono vita, 6 wakapinga, na Norris alikuwa mmoja wa hao sita. Aliitwa msaliti. Alimwomba gavana aitishe uchaguzi maalumu ili watu wa Nebraska waamue wenyewe kama bado wanamtaka, na gavana hakukubali. Ndipo alipokwenda Lincoln, makao makuu ya jimbo, akasimama mbele ya ukumbi uliojaa watu na kueleza sababu za kura yake. Aliingia akitazamia kuzomewa, lakini watu walimsikiliza na kumshangilia. Mwaka uliofuata walimchagua tena.

Kwetu Wakatoliki, mwaka 1928 una kumbukumbu ya pekee katika maisha yake. Chama cha Democratic kilimsimamisha Al Smith, gavana wa New York, kuwania urais wa Marekani. Smith alikuwa Mkatoliki wa kwanza kuteuliwa na chama kikubwa kugombea nafasi hiyo, na imani yake ilifanywa silaha ya kumpigia vita katika sehemu nyingi za nchi. Norris hakuwa Mkatoliki, hakuwa wa chama cha Smith, na alitofautiana naye waziwazi kuhusu marufuku ya pombe. Hata hivyo alimuunga mkono, hasa kwa sababu walikubaliana kwamba nguvu ya maji ya mito itumike kuwapatia wananchi wote umeme, na alilaani chuki ya kidini iliyoenezwa katika kampeni ile. Smith alishindwa, hata katika Nebraska. Miaka miwili baadaye wapinzani wa Norris walimtafuta mwenye duka mmoja aliyeitwa pia George W. Norris, wakamtia katika kinyang'anyiro cha useneta ili wapiga kura wasiweze kutofautisha majina. Mahakama iliamua kwamba fomu zake zilichelewa, na Seneta akashinda.

Fikra ya Bunge la baraza moja haikuanza na Norris. Katika mkutano wa katiba wa Nebraska wa mwaka 1919 hadi 1920, pendekezo hilo lilikwama kwa kura 43 dhidi ya 43. Lakini mwaka 1923 Norris alilieleza kwa kirefu katika gazeti la New York Times, na mwaka 1934 aliona kwamba wakati wake umefika. Ukame na mdororo wa uchumi vilikuwa vimewafilisi wakulima, na watu hawakutaka tena kulipia Bunge la wajumbe 133, yaani wawakilishi 100 na maseneta 33.

Gharama, hata hivyo, haikuwa hoja yake kuu. Kisa chenyewe kilikuwa hiki: mabaraza mawili yalipopitisha mswada mmoja kwa maneno tofauti, wajumbe wachache kutoka kila upande walikaa katika kamati ya upatanisho, mara nyingi faraghani, wakaandika upya sheria hiyo. Walichokirudisha hakikuweza kurekebishwa, bali kilikubaliwa chote au kukataliwa chote. Katika chumba hicho wenye fedha walijua mlango wa kubisha, ilhali mwananchi wa kawaida hakujua nani aliongeza kifungu kipi wala nani alikiondoa. Kila baraza lililaumu jenzake, na hakuna aliyewajibika. Norris alitaka baraza dogo moja, wajumbe wachaguliwe bila jina la chama kuandikwa kwenye karatasi ya kura, na kila kura yao ijulikane.

Wapinzani wake walikuwa wengi, na hoja zao hazikuwa za kupuuzwa. Viongozi wa vyama vyote viwili na karibu magazeti yote makubwa ya jimbo walisema kwamba baraza la pili huzuia sheria za pupa, kama vile mtu mwenye busara anavyotafakari mara mbili kabla ya kutenda. Norris alijibu kwamba vizuizi vingine vipo: gavana ana uwezo wa kukataa mswada, mahakama hupima sheria kwa mizani ya katiba, na wananchi wenyewe wanaweza kuitisha kura ya maoni. Aidha, marekebisho yenyewe yaliagiza kwamba mswada usipigiwe kura ya mwisho kabla ya siku 5 za vikao kupita tangu uwasilishwe. Akiwa na gari lake alizunguka jimbo zima, mji kwa mji, na husimuliwa kwamba alichakaza seti mbili za matairi katika safari hizo.

Bunge jipya lenye wajumbe 43 lilifungua kikao chake cha kwanza Januari 1937. Kikao cha mwisho cha mabaraza mawili, mwaka 1935, kilichukua siku 110, kikapitisha miswada 192 na kugharimu dola 202,593. Kikao hicho cha kwanza cha baraza moja kilichukua siku 98, kikapitisha miswada 214 na kugharimu dola 103,445. Kamati zilipungua kutoka 61 hadi 18, na kamati ya upatanisho ikakosa kazi kabisa.

Norris alishindwa katika uchaguzi wa mwaka 1942. Alirudi nyumbani kwake McCook, Nebraska, na huko alifariki tarehe 2 Septemba 1944. Bunge alilolipigania lingali linakutana Lincoln, leo likiwa na wajumbe 49. Halikufanya watu wawe malaika: vyama bado vina nguvu humo hata kama majina yake hayamo kwenye karatasi ya kura, na wenye fedha bado hutafuta masikio ya wajumbe. Wala hakuna jimbo jingine lililofuata mfano huo.

Wataalamu wataendelea kubishana kama baraza moja ni bora kuliko mawili, na kila nchi ina historia yake ya kuzingatia. Fundisho la maisha ya Norris halitegemei jibu la swali hilo. Alisadiki kwamba anayepewa dhamana na watu hana haki ya kuitumia gizani, awe Spika, seneta au mjumbe wa kamati ndogo, na alikuwa tayari kupimwa kwa kipimo hicho yeye wa kwanza. Kipimo hicho kinafaa bungeni, na kinafaa pia katika ushirika wa wakulima, katika kamati ya shule na katika halmashauri ya parokia, popote penye wachache wanaoamua kwa niaba ya wengi.