Mwanga na ziwa lililomwangusha

Chini ya vilima vya Mengo na Rubaga, jijini Kampala, kuna ziwa ambalo halikuletwa na mto. Lilichimbwa kwa mikono ya watu. Waganda huliita Ennyanja ya Kabaka, yaani ziwa la mfalme, na mfalme aliyeagiza lichimbwe ni Mwanga wa Pili.

Mwanga alizaliwa mwaka 1868 na akamrithi baba yake, Mutesa wa Kwanza, Oktoba 1884, akiwa kijana wa miaka kumi na sita hivi. Alikuta kasri limejaa wageni: Waarabu na Waswahili kutoka pwani, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza na wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, kila kundi likiwa na wafuasi wake miongoni mwa vijana wa kasri. Wakati huohuo Wajerumani walianza kujitwalia ardhi ya Tanganyika. Mfalme akaingiwa na hofu. Oktoba 1885 Askofu James Hannington aliuawa Busoga kwa amri yake, na tarehe 3 Juni 1886 vijana waliokataa kuikana dini yao wakachomwa moto Namugongo.

Hofu hiyohiyo ndiyo iliyochimba ziwa. Kutoka Mengo hadi Munyonyo, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria, ni mwendo wa saa kadhaa kwa miguu. Mwanga alitaka njia ya maji ya kuunganisha sehemu hizo mbili, ili siku mambo yakiharibika apande mtumbwi karibu na kasri lake na kutokomea. Wapo wanaosema alipenda tu starehe ya mitumbwi. Yote mawili yanawezekana.

Waganda walikuwa wamezoea kumfanyia Kabaka kazi. Walilima barabara zake na kusuka ua wa matete wa kasri lake bila kunung'unika sana, kwa kuwa ndivyo nchi ilivyoendeshwa. Hili la ziwa lilipita kiasi. Liligeuka kuwa shokoa. Machifu wenyewe waliamriwa kuingia matopeni pamoja na watu wao, na waliochelewa walitozwa faini nzito. Waliodhalilishwa hivyo walikuwa wakubwa wa nchi, na baadhi yao walikuwa na vikosi vya vijana wenye bunduki.

Septemba 1888 habari zilienea kwamba mfalme amepanga kuwapeleka Wakristo na Waislamu kisiwani na kuwatelekeza huko wafe njaa. Walikataa kupanda mitumbwi, wakaungana na kumwondoa madarakani tarehe 10. Njia ya maji ilikuwa bado haijafika popote, hivyo ilimbidi Mwanga aende ziwani kwa nchi kavu kama mtu mwingine yeyote. Alivuka hadi Magu, katika nchi ya Wasukuma, kisha akahifadhiwa na mapadri wa Kifaransa Bukumbi, karibu na Mwanza.

Alirudi kwenye kiti chake kwa msaada wa Wakristo walewale aliokuwa amewatesa, lakini nguvu za zamani hakuzipata tena. Uingereza ilitangaza himaya mwaka 1894. Julai 1897 aliasi kutoka Buddu, akashindwa na kukimbilia kwa Wajerumani Bukoba, kisha akatoroka kwenda kuungana na Kabalega wa Bunyoro. Walikamatwa pamoja Lango, Aprili 1899, wakapelekwa uhamishoni Kismayu na baadaye Ushelisheli. Huko alibatizwa jina la Danieri, na huko alifariki tarehe 8 Mei 1903. Mabaki yake yalirejeshwa mwaka 1910 na kuzikwa Kasubi.

Ziwa lilibaki. Mwaka 1966 jeshi lilivamia kasri la Mengo na mwaka uliofuata falme zikafutwa. Mwenye kuita watu kuja kulisafisha akawa hayupo. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, chini ya Ronald Mutebi, kitukuu cha Mwanga, Kampala ilikuwa imelizingira ziwa kwa nyumba.

Kulitunza si kazi ya kupanda maua tu. Mvua ikinyesha, maji ya vilimani huteremka na udongo, chupa za plastiki na taka za mitaroni. Visipotolewa, vinarundikana, magugu yanaota juu yake na ziwa linazidi kuwa dogo. Mpaka nao unahitaji kulindwa, maana kila mita ya ufuko iliyokauka ina mtu anayeitamani kwa kiwanja.

Ufalme wa Buganda huita watu kwa utaratibu wa bulungi bwansi, ambao Mtanzania angeuita msaragambo. Vijana huja na majembe na reki, wakaingia matopeni palepale walipoingia machifu wa mwaka 1888. Hawa hawatozwi faini wakichelewa. Wakikosa kuja, ufalme hauna wa kumlazimisha, na udongo hausubiri.