Maisha ya D. D. Palmer, Bingwa wa Kunyoosha Mgongo



Huku kwetu Mji wa Kale, wengi wetu tumekandwa tulipokuwa wachanga. Mama akijifungua, ndani ya zile siku arubaini huja mkunga au bibi mwenye ujuzi, akapasha mafuta ya nazi na kumnyoosha mtoto mikono, miguu na mgongo. Mtoto akilia usiku kucha, utasikia watu wakisema ana chango huyo, mkandeni. Sasa, mnajua kwamba Marekani mambo ya mgongo yamefanywa elimu kamili, yenye vyuo na vyeti vyake? Elimu hiyo huitwa kairopraktiki, na wako wazazi wanaowapeleka watoto wao kunyooshwa uti wa mgongo ili wapone pumu, maumivu ya masikio na hata kilio cha usiku. Leo nitawasimulia habari za mtu aliyeianzisha.

Jina lake Daniel David Palmer. Alizaliwa tarehe 7 Machi 1845 huko Pickering, Kanada, karibu na mji wa Toronto. Mwaka 1865, akiwa kijana wa miaka 20, alihamia Marekani pamoja na ndugu yake. Hakusomea udaktari hata siku moja. Alifundisha shule, akafuga nyuki, akapanda matunda na kuuza duka. Baadaye akageuka mganga wa sumaku, yaani mtu anayeamini kuwa mikono yake ina nguvu ya kuvuta maradhi kama vile sumaku inavyovuta chuma. Akafungua chumba cha kazi mjini Davenport, kando ya mto Mississippi.

Mwaka 1895 ndio uliomtia katika historia. Mwaka huo huo, tarehe 1 Julai, Waingereza walitangaza himaya yao hapa pwani. Miezi miwili na kitu baadaye, mwezi wa Septemba, Palmer alimshughulikia Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyekuwa mfagizi wa jengo lile. Lillard alikuwa karibu kiziwi kwa miaka 17. Palmer alisema aliona pingili moja ya mgongo imetoka mahali pake, akaisukuma, na masikio yakazibuka. Binti yake Lillard alikuja kueleza vingine kabisa: baba yake alikuwa akipiga soga, Palmer akafurahishwa na mzaha, akampiga mgongoni kwa kitabu alichokuwa nacho, na siku chache baadaye Lillard akahisi anasikia vizuri zaidi. Shika lolote utakalo, lakini lipo jambo moja lililowashinda madaktari kulikubali. Mshipa wa kusikia hutoka sikioni ukaingia moja kwa moja katika ubongo. Haupiti mgongoni wala shingoni.

Palmer hakujali. Rafiki yake mmoja, kasisi, alimtafutia jina kutoka Kiyunani, lenye maana ya kazi ya mikono. Mwaka 1897 akaanzisha chuo chake. Akafundisha kwamba katika kila magonjwa 100, 95 yanatokana na pingili zilizohama na kubana mishipa ya fahamu. Habari za vijidudu hakuzitaka, na chanjo aliipinga. Jamani, fikirini: Robert Koch alikuwa ameshaonyesha mdudu wa kifua kikuu tangu mwaka 1882!

Maisha yake ya mwisho hayakuwa na raha. Mwaka 1906 alishitakiwa kwa kutibu bila leseni, akatiwa jela, kisha akalipa faini akatoka. Mwaka huo huo chuo kikaingia mikononi mwa mwanawe, B. J. Palmer, na baba na mwana wakawa hawaivi chungu kimoja. Mzee akahamia magharibi, akajaribu kuanza upya, na mwaka 1910 akatoa kitabu kinene cha mafundisho yake. Alifariki Los Angeles tarehe 20 Oktoba 1913, akiwa na miaka 68. Ugonjwa ulioandikwa ni homa ya matumbo. Ajabu ya Mungu! Homa hiyo huletwa na vijidudu vinavyoingia kwa maji na chakula kichafu.

Mimi simdharau Palmer. Aliona kwamba mkono wa binadamu unaweza kumpunguzia mwenzake maumivu, na hata leo wako watu wazima wanaopata nafuu ya kiuno kwa tiba hii. Kosa lake ni kuufanya ufunguo mmoja ufungue milango yote. Kwa upande wa watoto, uchunguzi uliofanywa haujaonyesha kwa uthabiti kwamba kunyoosha uti kunaponya pumu, masikio au chango. Mwaka 2019 bodi ya matabibu hao huko Australia iliwaagiza waache kwanza kunyoosha uti wa watoto walio chini ya miaka 12, mpaka jambo lichunguzwe.

Nasi Mombasa tuna la kujifunza. Kukanda kwa mafuta, kwa mkono mwepesi, ni mapenzi ya mama na kunamtuliza mtoto. Lakini shingo ya mtoto mchanga isipindwe wala kuvutwa. Na mtoto akiwa na homa kali, akipumua kwa shida, akikataa kunyonya au akishikwa na lile tunaloliita dege, hapo mafuta yawekwe kando. Achukuliwe upesi Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee wetu huiita Makadara, au zahanati iliyo karibu. Bibi mjuzi naye aende pamoja na mama, amshikie mtoto njiani. Mikono yake ina kazi huko pia.