Earle S. MacPherson

Earle Steele MacPherson (Highland Park, Illinois, 6 Julai 1891 – 26 Januari 1960) alikuwa mhandisi wa magari kutoka Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni mfumo wa springi na shokapu unaoitwa kwa jina lake. Mfumo huo hubeba magurudumu ya mbele ya magari madogo mengi duniani, yakiwemo Toyota RAV4 na Nissan X-Trail.

Maisha na kazi

Alihitimu Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1915, kisha akafanya kazi katika viwanda mbalimbali vya magari, kikiwemo cha Hupmobile. Mwaka 1934 alijiunga na General Motors.

Mwaka 1945 alikabidhiwa uhandisi wa Chevrolet Cadet, gari dogo lililokusudiwa kuuzwa kwa bei isiyozidi dola 1,000. Gari hilo lilitakiwa kuwa jepesi na lenye vipuri vichache, na hapo ndipo alipobuni mfumo wake. Hata hivyo, mwaka 1947 kampuni ilifuta mradi huo, na Cadet halikuwahi kuuzwa.

Mwaka huohuo MacPherson alihamia Ford. Hataza ya kwanza ilibaki mali ya General Motors, hivyo akiwa Ford aliomba hataza nyingine. Ford Consul na Zephyr, yaliyooneshwa London mwaka 1950, yalikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya kuuzwa kwa wingi kutumia mfumo huo. Mwaka 1952 alifanywa makamu wa rais wa Ford kwa upande wa uhandisi, akastaafu mwaka 1958.

Mfumo wake

Shokapu husimama wima katikati ya springi. Ncha ya juu hufungwa kwenye bodi, na ya chini kwenye kikono cha gurudumu. Mkono mmoja tu wa chini hulishika gurudumu; mkono wa juu hauhitajiki. Nafasi inayobaki hutosha kulaza injini kwa upana. Wazo hilo lilikuwa na mtangulizi: Guido Fornaca wa Fiat alichora mfumo unaofanana nao katika miaka ya 1920.

Matengenezo

Kwa kuwa shokapu pia hulielekeza gurudumu, ikichakaa gari huyumba na tairi huweza kuliwa vibaya. Katika gari la zamani, shokapu hubadilishwa pande zote mbili, na hukaguliwa pia beringi na raba za juu, bushi na boli jointi za mkono wa chini. Springi hubanwa kwanza kwa kifaa maalumu kabla ya kufungua nati ya juu, kwani ikifyatuka inaweza kuua. Baada ya kazi, mwelekeo wa magurudumu hupimwa upya. Springi ndefu huinua gari, lakini pia hubadilisha mwinamo wa magurudumu.

Urithi

MacPherson alifariki kabla ya mfumo wake kuenea. Magari ya Ford yaliyoundwa Marekani wakati wa uhai wake hayakuutumia. Ulienea zaidi katika miaka ya 1970, kupitia magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Honda Civic ya mwaka 1972 na Volkswagen Golf ya mwaka 1974.