Karl Jansky na Mvumo wa Nyota

Bila shaka umepata kusikiliza redio wakati mvua inakaribia. Radi ikipiga mbali, hata kama huioni, redio hukwaruza. Sababu ni kwamba radi hutoa mawimbi ya redio, nayo eriali huyapokea pamoja na sauti ya mtangazaji.

Mikwaruzo ya namna hiyo ndiyo iliyompa Karl Jansky kazi. Alizaliwa Oklahoma, Marekani, mwaka 1905, akasoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1928 aliajiriwa na maabara ya kampuni ya simu ya Bell. Siku hizo watu walikuwa wameanza kupigiana simu kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mawimbi ya redio, na kelele ziliharibu mazungumzo yao. Jansky akatakiwa achunguze kelele hizo zatoka wapi.

Huko Holmdel alijenga eriali yenye urefu wa mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu ya motokaa ya Ford. Iliuzunguka mhimili wake mara moja kila dakika 20, ikipokea mawimbi kutoka kila upande. Jansky alizitambua radi za karibu, kisha radi za mbali. Ikabaki kelele ya tatu: mvumo hafifu usiokatika.

Kwanza alidhani mvumo huo watoka kwenye jua. Lakini fikiri. Jua hurudi mahali pake kila baada ya saa 24, na mvumo ulirudi baada ya saa 23 na dakika 56. Dakika 4 ni kidogo, lakini kwa siku 30 huwa saa 2. Miezi ilipopita, mvumo ukaachana kabisa na jua. Nyota ndizo zirudizo mahali pake kwa saa 23 na dakika 56! Basi mwaka 1933 Jansky alitangaza kwamba mvumo ule watoka mbali kupita jua na sayari zake, upande wa kundi la nyota liitwalo Mshale, ambalo mabaharia wa pwani yetu waliliita Kausi. Huko ndiko kwenye kitovu cha Njia Nyeupe. Ukiwa Mtwara mwanzoni mwa Agosti, usiku usio na mbalamwezi, toka nje saa tatu utazame juu, upande wa kusini uliko mto Ruvuma. Utauona mkanda wa nyota ukiwa mnene kuliko kwingine kote.

Jansky alitamani kujenga eriali kubwa zaidi, lakini alipewa kazi nyingine. Wataalamu wa nyota nao hawakuijua redio, na ni wachache waliojali. Figo zake zilikuwa na ugonjwa tangu ujana. Alikufa mwaka 1950, akiwa na miaka 44 tu.

Aliyemfuata alikuwa kijana mpenda redio, Grote Reber, ambaye hakutumwa na mtu. Mwaka 1937, kwa fedha zake mwenyewe, alijenga uani kwao eriali ya umbo la bakuli, yenye upana wa mita 9 na zaidi. Alijaribu mara mbili asisikie kitu. Mara ya tatu akaupata mvumo.

Mwaka 1960 Frank Drake alielekeza eriali kubwa kwenye nyota mbili, asikilize kama kuna viumbe watumao habari. Hakusikia kitu, na waliosikiliza baada yake hawajasikia bado. Mvumo wa Jansky wenyewe hautumwi na kiumbe yeyote. Hutokana na elektroni ziendazo kasi mno kati ya nyota. Nguvu ya mawimbi hayo hupimwa kwa kipimo kilichopewa jina lake mwaka 1973, nacho huitwa jansky.