Mali Bila Daftari: Maisha ya Louis Leakey

 

Likizo iliyopita mjomba wangu, ambaye huchimba dhahabu kule Macalder, Migori, alinizawadia kijiwe. Kilikuwa na pande sita sawasawa kama dadu, kikimeta manjano mithili ya shaba iliyosuguliwa. Nikajiona tajiri! Shule zilipofunguliwa nilikipeleka mbio kwa mwalimu wetu wa Jiografia. Alikisugua kwenye mgongo wa kigae cheupe, kikaacha mstari mweusi. Akatabasamu. Dhahabu ingeacha mstari wa manjano. Kumbe yangu ilikuwa pairaiti, yaani chuma na salfa, ile iitwayo dhahabu ya wajinga.

Hata hivyo alisema fuwele safi namna ile ni ya kuwekwa kabatini. Kisha akaniuliza ilitoka shimo gani, kina gani, na katika mwamba wa aina gani. Nikabaki kutoa macho. Mjomba mwenyewe alikuwa amechanganya vijiwe vya mashimo matatu katika mfuko mmoja. Mwalimu hakunigombeza. Alinituma tu maktabani nikasome habari za Louis Leakey. Nimesoma, na leo nawasimulia.

Louis Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionari Waingereza, lakini yeye alikua na watoto wa Kikuyu, akasema Kikuyu kama wao na hata kuingizwa katika rika lao. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na mitatu alipewa kitabu kuhusu watu wa kale. Tangu siku hiyo akawa haoni jiwe akalipita. Aliokota vipande vya jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Wakubwa walimcheka, wakaona ni takataka. Lakini Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, alivitazama na kumthibitishia kuwa baadhi yake ni zana zilizochongwa na binadamu wa kale. Naam, mchezo ukawa kazi ya maisha.

Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Kuanzia mwaka wa 1926 akawa anarudi Afrika Mashariki na vikundi vya uchimbaji. Ndipo alipofika huku kwetu Nyanza. Mwezi wa Machi 1932, huko Kanam, kando ya Ghuba ya Winam karibu na Milima ya Homa, mmoja wa wasaidizi wake, Juma Gitau, alipata kipande cha taya la binadamu. Pale Kanjera, si mbali na hapo, vikapatikana vipande vya mafuvu. Leakey alifurahi kupita kiasi. Alitangaza kwamba taya lile ni la kale mno na kwamba aliyekuwa nalo ni babu wa watu wote wa leo. Mwaka wa 1933 wataalamu walikutana Cambridge wakampongeza. Nyota yake ikang'aa.

Lakini kisukuku hakina sauti. Umri wake husomwa katika tabaka la udongo kilimolala. Kikishatolewa, ushahidi unaobaki ni yale uliyoandika na alama ulizoacha. Mtaalamu mmoja wa miamba, Profesa Percy Boswell, hakuridhika. Januari 1935 alifunga safari hadi Kanam ili aonyeshwe mahali penyewe.

Jameni, aibu iliyoje! Leakey alikuwa amepigilia vigingi vya chuma, lakini havikuonekana tena. Inasemekana wavuvi walikuwa wameving'oa wapate chuma cha kutengenezea vifaa vyao. Mvua nayo ilikuwa imeyala makorongo. Ramani nzuri hakuwa nayo. Picha alizopiga mwenyewe ziliharibika, na ile aliyoitumia, iliyopigwa na mwenzake, ikagunduliwa kuwa ya korongo jingine kabisa! Wakazunguka juani wee, mahali hapakujulikana. Mwezi wa Machi mwaka huo Boswell aliyaandika yote katika jarida la sayansi la Nature, dunia nzima ikasoma. Wakati huohuo ndoa yake ya kwanza ilikuwa imevunjika. Njia ya kupata kazi Cambridge ikafungwa.

Wengine wangekata tamaa. Leakey alirudi Kenya, akaendelea kuchimba pamoja na mke wake wa pili, Mary, mwanamke aliyekuwa mwangalifu sana wa kuchora na kuandika. Mwaka wa 1945 akawa msimamizi wa Makumbusho ya Coryndon, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Tarehe 2 Oktoba 1948, kisiwani Rusinga, Mary alipata fuvu la nyani mkubwa wa kale wa miaka kama milioni 18. Tarehe 17 Julai 1959, huko Olduvai, Tanganyika, Mary tena akapata fuvu lililowapa sifa ulimwenguni. Safari hii hakuna aliyeuliza lilitoka wapi.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Wataalamu wengi leo hawaamini kwamba taya la Kanam ni la kale kama alivyodai. Lakini hakukosea kuipenda nchi hii. Mwaka wa 2023 watafiti walitangaza zana za mawe kutoka Nyayanga, kwenye rasi hiyohiyo ya Homa, zenye umri wa miaka kati ya milioni 2.6 na milioni 3. Hao walipima na kuandika kila kitu kabla ya kukitoa ardhini.

Ndugu zangu, sisi wa Migori na Homa Bay tumekalia hazina. Ukiokota fuwele, kisukuku au jiwe la ajabu, liandikie karatasi siku hiyohiyo: mahali, tarehe, kina, na jina la aliyelipata. Na mashimoni msiingie. Mwachieni mchimbaji kazi yake, nyinyi muulizeni tu.

Kijiwe changu bado kiko dirishani, kinameta. Kizuri ndiyo, lakini hakiwezi kumwambia mtu lolote kuhusu miamba ya Macalder. Kile cha pili alichonipa mjomba ni kidogo na kimemeguka pembe moja, ila kimefungwa katika karatasi yenye mistari minne ya maandishi. Mwalimu alichukua hicho. Wahenga hawakukosea: mali bila daftari hupotea bila habari.